Kibirichia na Kiambere, Alhamisi Saa Nne

KURUTHUMU: Haloo! Nani huyo? Hii namba siijui.

EDNAH: Kuru, ni mimi.

KURUTHUMU: Mimi nani? Upepo unavuma hapa, ongea juu!

EDNAH: Ednah. Wa Kibirichia.

KURUTHUMU: Wee! Muuga, hujambo mwalimu! Mbona unanipigia na namba ngeni? Nilikuwa nangoja ile yako.

EDNAH: Muuga. Ni simu ya Mithika, mpishi wetu. Habari ya Kiambere?

KURUTHUMU: Kiambere ni jua tu. Saa tatu na nusu na mawe tayari yameshika moto. Huko kwenu?

EDNAH: Ukungu. Hata mlingoti wa bendera siuoni.

KURUTHUMU: Mnafaidi. Sasa, umepiga mapema, lakini usijali, sisi tuko tayari. Watoto wamebeba madawati tangu saa mbili, wamepanga hapa juu mwambani. Si unajua kule chini shuleni netwaki hakuna. Wote thelathini na mmoja, hakuna hata mmoja amebaki nyumbani. Eunice ameshika daftari ya joto la udongo kifuani kama Biblia, hataki mtu aiguse—

EDNAH: Kuru.

KURUTHUMU: —na vile viazi vyenu, wacha nikuambie, vimekufa. Vyote! Gunia la mwisho tulilopandia limenyauka Jumanne. Lakini wanajua ni kwa nini vimekufa, na wamegombana nani atawaelezea wa kwako—

EDNAH: Kuru, ngoja. Leo haitawezekana.

KURUTHUMU: Haitawezekana aje?

EDNAH: Tuko na... tuko na mtihani.

KURUTHUMU: Mtihani gani? Si ya majaribio mlimaliza wiki ya juzi?

EDNAH: Kuna ingine.

KURUTHUMU: Ya gredi ya sita peke yake?

EDNAH: Ndiyo. Hapana, ya... ni ratiba, imebadilishwa.

KURUTHUMU: Haya. Ratiba ni ratiba. Basi tufanye Alhamisi ijayo.

EDNAH: [kimya]

KURUTHUMU: Ednah? Bado uko?

EDNAH: Niko. Laini inakwaruza, sijasikia.

KURUTHUMU: Umesikia. Nimesema Alhamisi ijayo na umenyamaza. Sasa sikiza. Mimi na wewe tulilala chumba kimoja wiki mbili pale Embu kwenye semina. Najua vile unadanganya. Unaanza kwa kutafuta ratiba.

EDNAH: Aki Kuru, usinicheke.

KURUTHUMU: Sicheki. Kwa nini una simu ya mpishi?

EDNAH: Zetu zimechukuliwa. Kutoka jana, mwalimu akifika asubuhi anaacha simu kwa ofisi ya Gitobu, anaichukua akienda nyumbani.

KURUTHUMU: Gitobu mwenyewe? Mwalimu mkuu? Si ndiye alitupa ruhusa mwaka jana? Si alisema mkuu wa elimu akija atamwonyesha darasa lako, vile linasoma pamoja na la Kiambere?

EDNAH: Alisema. Hiyo ilikuwa mwaka jana.

KURUTHUMU: Na mwaka huu imekuwaje? Sema tu. Mimi si mtoto.

EDNAH: Kulikuwa na mkutano wa kamati ya shule Jumanne. Mwenyekiti ni Muthamia, yule mzee wa lori za waru, za kubeba viazi. Matokeo ya majaribio yalikuwa juu ya meza. Kiingereza imeshuka kidogo. Akasimama, akasema anajua sababu. Akasema kila Alhamisi, saa nne mpaka saa tano, watoto wa Kibirichia wanapotezewa wakati na simu, wanaongea na... [anasita] na watu wa huko chini.

KURUTHUMU: Maliza.

EDNAH: Ni hivyo tu.

KURUTHUMU: Ednah, maliza.

EDNAH: Akauliza, "Hao watatufundisha nini? Kuswaga mbuzi?" Watu wakacheka.

KURUTHUMU: Na mimi? Alinitaja?

EDNAH: Wacha hiyo.

KURUTHUMU: Alinitaja.

EDNAH: Alisema kitu kuhusu... vile unavaa. Aliiona ile picha tulipiga siku ya kubadilishana mbegu.

KURUTHUMU: Kitambaa changu cha kichwa.

EDNAH: Ndiyo.

KURUTHUMU: Sawa. Hicho nimezoea. Baba yangu ameuza nyama Embu miaka arobaini, na bado kuna mtu humwuliza kwao ni wapi. Endelea. Wewe ulimjibu nini huyo Muthamia? Ulisema hesabu imepanda? Kwa sababu imepanda, uliniambia wewe mwenyewe. Ulisema binti yake alikuwa hajui nukta ya desimali inakaa wapi, mpaka Eunice akamweleza kwa ule mti wa kupimia maji ya bwawa, ile nusu na robo na vile maji yanashuka? Ulimwambia hiyo?

EDNAH: Kuru...

KURUTHUMU: Ulimwambia?

EDNAH: Hiyo ndiyo ilimchoma! Kinya alienda nyumbani akamwambia baba yake, "Nimefundishwa na Eunice wa Kiambere." Kwa meza, mbele ya wageni. Tangu hiyo siku Muthamia hajalala.

KURUTHUMU: Nimekuuliza wewe ulisema nini.

EDNAH: Sikusema kitu.

KURUTHUMU: Hata neno?

EDNAH: Hata neno. Niliangalia viatu vyangu. Wakacheka, wakamaliza, nikaandika kumbukumbu za mkutano. Mimi ndiye nilikuwa naandika, Kuru. Hata ile ya mbuzi niliiandika.

KURUTHUMU: [upepo] ...

EDNAH: Haloo?

KURUTHUMU: Niko. Natafuta maneno ambayo mwalimu anaweza kusema mbele ya watoto.

EDNAH: Najua. Sasa Gitobu ameniandikia karatasi. Niweke sahihi kabla ya saa tano, kwamba nimekubali kuacha kabisa. Iko hapa mfukoni. Nimeona afadhali nikupigie mwenyewe kuliko—ai, inalia. Inalia, Mithika hana dakika za kutosha, Kuru, pole sana, nilitaka tu—

[Laini inakatika. Inaita tena.]

KURUTHUMU: Usiniambie pole halafu unakatika.

EDNAH: Si mimi, ni dakika.

KURUTHUMU: Nimepiga na yangu. Nilikuwa nimeweka za nusu saa, zamu yangu ya somo. Sasa nisikilize vizuri. Sisi hatukuja kwenu kuomba. Mliniona nikiomba?

EDNAH: Hapana.

KURUTHUMU: Mlitupa viazi vya mbegu, tukawapa ndengu, zile choroko zetu. Debe kwa debe. Watoto wangu wana kitabu kimoja kwa watoto watano, sawa, na wa kwako waliwasomea kurasa kwa simu mpaka koo zikakauka. Siwezi kusahau hiyo. Lakini wa kwako walikuwa hawajui ndengu inaota aje, hawajui mto unapimwa aje, walidhani stima inatoka ukutani, si bwawani! Nani alimfundisha nani hapo?

EDNAH: Nakubaliana na wewe.

KURUTHUMU: Usikubaliane na mimi! Mimi niko juu ya jiwe Kiambere. Ungekubaliana na mimi Jumanne.

EDNAH: Unafikiri sijui?

KURUTHUMU: Basi fanya hivi. Nampa Eunice simu. Mwambie wewe mwenyewe. Mwambie, "Eunice, kuanzia leo hatusomi pamoja, kwa sababu baba ya Kinya anasema nyinyi ni watu wa mbuzi." Eunice! Kuja hapa—

EDNAH: Usimpe! Kuru, tafadhali, usimpe simu!

KURUTHUMU: Kwa nini?

EDNAH: Kwa sababu siwezi.

KURUTHUMU: Na mimi ndiye nitaweza? Nina thelathini na mmoja hapa wananiangalia mdomo.

EDNAH: Mimi si mwalimu wa serikali, Kuru.

KURUTHUMU: Hiyo inaingilia wapi?

EDNAH: Inaingilia hapo. Wewe una namba ya serikali, wewe ukigombana na mtu unahamishwa tu. Mimi niliandikwa na kamati. Mwenyekiti wa kamati ni nani?

KURUTHUMU: Muthamia.

EDNAH: Gitobu ameniambia polepole, kama mtu ananisaidia. "Madam, weka sahihi tumalize. Muhula ujao kuna walimu watatu wanataka hiyo nafasi yako." Hakunitisha. Alinipa hata chai.

KURUTHUMU: Na mama yako?

EDNAH: Mama yuko. Kliniki ni kila wiki ya pili, na mimi ndiye nalipa.

KURUTHUMU: Kwa nini hukuanza na hiyo?

EDNAH: Ningeanza aje?

KURUTHUMU: [upepo] Basi weka sahihi.

EDNAH: Nini?

KURUTHUMU: Weka. Nilikuwa sijui. Nilidhani umeogopa maneno tu. Lakini kazi yako yote... hapana. Weka sahihi, Ednah. Mimi nitawaambia watoto. Nitawaambia ni netwaki.

EDNAH: Watakuamini?

KURUTHUMU: Eunice hataamini. Lakini ana adabu, atanyamaza.

EDNAH: [anapenga kamasi]

KURUTHUMU: Usilie kwa simu ya watu.

EDNAH: Silii. Ni moshi, niko nyuma ya jikoni. Kuru... hiyo kelele huko nyuma yako ni nini?

KURUTHUMU: Ipi?

EDNAH: Kama wanaimba.

KURUTHUMU: Aa, hiyo. Hawaimbi. Wanarudia namba zenu.

EDNAH: Namba gani zetu?

KURUTHUMU: Zile mlitupa wiki jana, za baridi ya shamba lenu la ndengu. Eunice amewaambia kila mtu azijue kwa kichwa, ndio wa kwako wakiuliza, hakuna mtu atatafuta kwa karatasi. Wanaona aibu kufungua daftari mbele yenu.

EDNAH: Wanatuona aje na ni simu?

KURUTHUMU: Wanasema mnasikia karatasi.

EDNAH: Sogeza simu. Kidogo tu.

KURUTHUMU: Ya nini? Unajiumiza.

EDNAH: Sogeza.

[Upepo. Sauti za watoto kwa mbali: "...kumi na mbili nukta tano. Jumanne, kumi na moja. Jumatano, kumi na moja nukta tano. Hakuna ua..."]

EDNAH: [polepole] Hakuna ua.

KURUTHUMU: Ndiyo. Ndengu zenu zimekataa kutoa maua. Hiyo pia wameshika.

EDNAH: Kuru, unajua Kinya alifanya nini leo asubuhi?

KURUTHUMU: Binti ya Muthamia?

EDNAH: Huyo huyo. Nimeingia darasani nikawaambia mambo ya Alhamisi yameisha, toeni vitabu vya Kiingereza. Hakuna mtu ametoa. Arobaini na wawili, wamekaa tu, mikono juu ya dawati. Halafu Kinya akasimama. Mtoto huyo hajawahi kunijibu vibaya. Akasema, "Mwalimu, sisi tumepima siku tisa. Wao pia wamepima siku tisa. Jedwali lina pande mbili. Nani atajaza upande ule mwingine?"

KURUTHUMU: Ukamjibu nini?

EDNAH: Nikamwambia akae chini.

KURUTHUMU: Ednah.

EDNAH: Akakaa. Akaangalia viatu vyake, vile mimi niliangalia vyangu Jumanne. Ni kama alikuwa kwa ule mkutano. Mithika! Mithika, nipe kalamu. Ile unaandikia maziwa.

KURUTHUMU: Unafanya nini?

EDNAH: Ngoja nikunjue hii karatasi. Nakusomea: "Mimi, Mwalimu Ednah Kagwiria, nakubali kusitisha masomo ya pamoja kati ya darasa langu na darasa la Kiambere." Gitobu ameandika kwa Kiswahili ndio kamati nzima iweze kusoma.

KURUTHUMU: Ednah, nimekuambia weka sahihi. Sijakulaumu. Nakuapia sijakulaumu.

EDNAH: Naweka. Lakini kwanza pale kwa "nakubali" nakata "na".

KURUTHUMU: Unakata—

EDNAH: Naandika "si". [anaandika] "Mimi, Mwalimu Ednah Kagwiria, sikubali kusitisha masomo ya pamoja." Kiswahili ni tamu, ona. Herufi mbili tu.

KURUTHUMU: Wewe! Mwandiko unasomeka?

EDNAH: Hiyo "s" imekaa kama nyoka. Lakini inasomeka. Sasa ndiyo naweka sahihi. Na tarehe.

KURUTHUMU: Fikiria mara ya pili. Fikiria mama.

EDNAH: Mama ndiye alinisomesha kwa kuchimba waru za watu wengine. Nikimwambia nimenyamaza wakicheka watoto wa maskini, hiyo dawa ya kliniki ataitapika. Mithika, tafadhali, peleka hii kwa ofisi. Mpe mwalimu mkuu mkononi. Ndiyo, sasa. Simu nitakurudishia nikimaliza somo. Asante, baba.

KURUTHUMU: [anacheka na kuvuta kamasi] Umenifanya nilie mbele ya gredi ya sita.

EDNAH: Waambie ni vumbi. Natembea, unanisikia? Hii ni kabambe ya mpishi, simu ya vitufe tu, lakini spika yake ni kubwa kuliko yangu. Watoto wako tayari?

KURUTHUMU: Tangu saa mbili, nimekuambia! Eunice, kuja. Hapa, simama hapa upepo usikushinde. Hapana, daftari shika tu, hakuna mtu atakucheka.

EDNAH: Naingia. [mlango, kishindo cha madawati] Gredi ya sita. Kiingereza tutasoma saa nane. Fungueni jedwali, upande wa kulia. Kinya, kuja mbele, shika simu hii. Nyamazeni! Mkipiga makofi hatutasikia kitu.

KURUTHUMU: Ni wa kwako hao? Mungu wangu. Wa kwangu wamesimama juu ya madawati. Shukeni! Shukeni chini!

KINYA: Haloo, Kiambere. Sisi ni Kibirichia. Samahani tumechelewa.

EUNICE: Haloo, Kibirichia. Hamjachelewa, ni saa nne na dakika tatu. Viazi vyenu vimekufa vyote, poleni. Vilikufa kwa sababu udongo wetu saa saba mchana ni moto kuliko maji ya kuoga. Mko tayari kuandika?

KINYA: Tuko tayari. Na ndengu zenu zimekataa kutoa maua, poleni pia. Hapa usiku zinapigwa na baridi. Sema pole pole, kuna mtu anaandika ubaoni.

EUNICE: Siku ya kwanza, thelathini na sita nukta tano. Siku ya pili, thelathini na saba—

EDNAH: Ngoja kidogo, Eunice. [kando] Kuru?

KURUTHUMU: Nakusikia.

EDNAH: Gitobu yuko mlangoni. Ana karatasi mkononi.

KURUTHUMU: Nikate?

EDNAH: Usikate! Usithubutu. [kwa sauti] Habari ya asubuhi, mwalimu mkuu. Ndiyo, ni mimi nimeandika. [Gitobu anaongea, haisikiki] Hapana, sijakosea. Soma tena, ni "si". [anamsikiliza] Simu ni ya kuazima, ya kwangu iko ofisini kwako, hiyo sheria nimefuata. [anamsikiliza tena] Barua ya kujieleza? Nitaandika. Leo kabla ya saa tisa utaipata, na mwenyekiti nimpe nakala yake. Nitaweka ndani matokeo ya hesabu, ya kila mtoto, kuanzia ya binti yake. Na ile ya mbuzi pia nitaiweka, kwa sababu iko kwa kumbukumbu za mkutano, niliiandika mwenyewe. Lakini hiyo ni saa tisa. Sasa niko na kipindi.

KURUTHUMU: [chini chini] Yarabi.

EDNAH: Kinya, endelea.

KINYA: Kiambere, siku ya pili mlisema thelathini na saba nukta ngapi?

EUNICE: Nukta mbili. Huyo mtu mkubwa anayeongea ni nani?

KINYA: Ni mwalimu wetu mkuu. Siku ya tatu?

KURUTHUMU: Ednah, amefanya nini? Ametoka?

EDNAH: Hapana.

KURUTHUMU: Amekaa?

EDNAH: Hajakaa. Amesimama tu pale mlangoni. Anaangalia ubao.

KURUTHUMU: Kama ameangalia ubao, hiyo si mbaya.

EDNAH: Sijui, Kuru. Huenda muhula ujao niko nyumbani nachimba waru. Sijui kabisa.

KURUTHUMU: Ukifukuzwa utakuja Kiambere. Tutakupa jiwe lako la kukalia. Ednah, dakika zangu zimeanza kulia, zile za kuongea zimeliwa na Muthamia. Eunice, sema haraka haraka!

EUNICE: Siku ya nne, thelathini na nane! Siku ya tano, thelathini na nane nukta moja!

EDNAH: Andikeni, andikeni! Yule mwenye mwandiko wa haraka aende ubaoni! Kuru, kama ikikatika, Alhamisi ijayo, saa nne. Nitatafuta simu mahali popote.

KURUTHUMU: Saa nne. Tutakuwa hapa. Salimia mama, na umwambie—

EUNICE: Siku ya sita, thelathini na tisa! Siku ya saba—

[Laini inakatika.]

KINYA: Haloo? Kiambere? [anashusha simu] Mwalimu, zimebaki tatu.

EDNAH: Acheni nafasi ya namba tatu. Msichore mstari wa mwisho.